Programa ya Bei Nafuu na Fundo la Mgomba

Juzi msichana mmoja wa chuo aliingia dukani kwangu hapa Nchiru, akamwaga chipu tatu zilizokufa juu ya kaunta, akaniuliza lile swali ambalo wanafunzi huniuliza kila muhula ukifunguliwa: "Mzee, ninunue programa gani ya bei nafuu ambayo haitaniulia chipu?"

Wewe rafiki yangu ambaye hujawahi kushika vitu hivi usiogope, nitakueleza kwa maneno ya kawaida. Chipu ikitoka kiwandani ni kipande cha plastiki nyeusi chenye miguu kama mdudu. Haijui kitu. Programa ni kidude unachochomeka upande mmoja kwenye laptopu na upande wa pili kwenye miguu ya chipu, kisha yale maelezo uliyoandika kwenye kompyuta yanaingia, na kuanzia hapo chipu ina akili. Inaweza kuwasha pampu ya maji, kufungua geti, au kulinda joto la mayai. Huyu msichana, ambaye kwao ni mtaa wa Dallas pale mjini Embu, alikuwa anamtengenezea mama yake mashine ya kuangulia vifaranga.

Sasa mimi sijisifu kwa hewa. Najisifu kwa vitu vya kushikwa. Niliacha shule darasa la sita, na leo watu wenye digrii wananipigia simu niwaambie ni kwa nini mitambo yao inatoa moshi. Nyumba yangu ni ya mawe. Duka hili nimelijenga mwenyewe, na la Embu pia ni langu. Kwa hiyo msichana aliponiuliza, alikuwa amefika kwa mtu anayejua.

Nilimpangia programa tatu. Ya kwanza ilikuwa wazi bila hata kifuniko, ndogo kama kibiriti, bei yake chakula cha mchana cha siku mbili. Ya pili ilifanana nayo ila ilikuwa na kijikofia cheusi cha kuhamisha, huku volti tatu, kule volti tano. Ya tatu ilikaa ndani ya sanduku kama pete ya harusi, na ilisemekana inaelewana na chipu za kila ukoo duniani. Wauzaji wengine wangemsukumia hiyo ya tatu. Mimi nilimuuliza kwanza anatumia chipu za ukoo gani, akasema ni ukoo mmoja tu. Nikamwambia basi zile koo nyingine usizilipie. Chukua hii ya kati, kwa sababu ile ndogo kabisa inasukuma volti tano kwa kila kitu, na kihisi chako cha joto kinataka tatu. Tena kama una ile bodi ya kujifunzia mnayotumia darasani, hiyo yenyewe inaweza kugeuzwa kuwa programa, uende nyumbani bila kununua chochote. Niambie ni muuzaji gani mwingine atakuambia hivyo.

Kisha nikauchukua ule waya wake bapa wa utepe, wa kuunganisha programa na chipu, alioutumia siku chipu zilipokufa. Niliweka mita ya umeme, nikapima mguu kwa mguu. Mstari mwekundu ambao unatakiwa kuonyesha mguu wa kwanza ulikuwa umewekwa upande usiofaa.

"Huu mstari ulikudanganya," nikamwambia.

"Lakini kila mahali wanasema nyekundu ndiyo namba moja."

"Wanasema. Wewe ulipima?"

Akaniangalia kwa yale macho ya vijana wa siku hizi yasiyoogopa mzee. "Na wewe nani alikufundisha?"

"Nilijifundisha mwenyewe," nikajibu, kama ninavyomjibu kila mtu.

Alilipa akaenda. Zile chipu zake zilibaki kwenye kaunta, na harufu ya chipu hizo, ile harufu kali ya kitu cha stima kilichoungua, ikanipanda puani mpaka ikanifikisha Mikinduri. Nilikaa kwenye stuli yangu mchana kweupe, wateja wakiingia na kutoka, nikiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Nilizaliwa juu kidogo ya soko la Mikinduri, kwenye shamba la miraa ambalo baba alikuwa amelinywa lote kabla sijajua kuhesabu. Baba alikuwa na mpira wa maji wa kijani, urefu wa mkono wake, uliokaa nyuma ya mlango. Mbuzi akipotea alinichapa. Mbuzi akirudi mwenyewe alinichapa kwa kumtia wasiwasi bure. Shuleni nako mwalimu wa hesabu alikuwa na fimbo ya mkaratusi na mdomo uliouma kuliko fimbo. Aliwahi kuliambia darasa kwamba kichwa changu kingefaa kuwekwa mlangoni ili upepo usiufunge. Darasa lilicheka. Nami nilicheka, kwa sababu asiyecheka aliongezewa.

Mahali ambapo sikupigwa ni kwa nyanya. Jikoni kwake kulinukia moshi na uji wa wimbi uliochacha, na ndizi alizozifukia shimoni zikaiva mpaka ngozi ikapasuka. Alikuwa na redio ya betri nne. Betri zikichoka alizianika juu ya paa la mabati pamoja na mahindi, zikipata jua la kutosha zinaamka kidogo, tunasikiliza habari na matangazo ya vifo. Jina la mtu anayemjua likitajwa, nyanya alikuwa anaijibu redio: "Haiya, na si nilimwona sokoni?" Siku redio iliponyamaza kabisa, alinifungia kwenye leso nikaipeleka kwa fundi. Ndivyo nilivyomjua.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, katikati ya mama wa chai na mtu wa viatu vya tairi. Alikuwa Mwislamu aliyehamia kutoka Maua, mwembamba, mwenye kofia nyeupe iliyotoboka kwa cheche. Kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza alisema bismillahi kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Mkono wake wa kulia, rafiki yangu, sijaona mwingine. Alikuwa anashika chuma cha moto cha kulehemia kwa vidole viwili, anagusa mahali padogo kuliko punje ya wimbi, anaondoa, na kazi imekwisha, inang'aa kama tone la umande. Nilisimama pale mpaka akaniambia nikae. Nilikaa miaka miwili. Shule ilinitafuta ikachoka.

Usifikirie alinibembeleza. Alikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli. Ukishika chuma upande wa moto, mgongo unakula tyubu. Ukipoteza skrubu, tyubu. Ukiunga kitu bila kupima, hapo alikuwa anaweka tyubu chini na kutumia kiganja, na sikio linalia mpaka kesho yake. "Pima kwanza," alikuwa anasema. "Macho ni ya kuangalia watu. Umeme pimia mita." Mita yake ilikuwa ya mshale, ya zamani, imening'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake.

Kulikuwa na desturi pale kibandani ambayo sijaiona kwingine. Betri za magari zilizoletwa kuchajiwa zilikuwa zimeliwa na asidi, alama zote zimefutika, huwezi kujua chanya ni ipi na hasi ni ipi. Rangi haikukaa. Kwa hiyo fundi alikuwa anapima, kisha anafunga fundo moja la kamba ya mgomba kwenye nguzo ya chanya, ile kamba kavu waliyofungia vibunda vya miraa, kwa sababu ndiyo iliyojaa sokoni kote. Ukiona fundo, hapo ni chanya. Kila betri ya Mikinduri ilipitia mkononi mwake, na sisi watu wa kibandani tulisoma mafundo kama watu wengine wanavyosoma gazeti.

Sasa nikuambie juu ya dereva. Sitamwita jina, ingawa nalijua. Aliendesha pikapu ya miraa, na miraa haingoji mtu, ikinyauka ni takataka. Kwa hiyo alikuwa mtu wa haraka na hasira, na wapakiaji walimwogopa kuliko askari. Chini ya kiti aliweka spana ya gurudumu. Mtu akiangusha kibunda kwenye matope, au akishukiwa amechomoa vijiti, dereva alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anashuka polepole na kuuliza swali moja tu: "Mkono gani?" Nilimwona kwa macho yangu akimvunja mpakiaji vidole viwili juu ya bampa ya gari, soko zima likiangalia, na mtu wa viatu akiendelea kupiga msumari wake kana kwamba ni mvua imeanza. Sisi watoto tuliugeuza mchezo. Tulikimbizana na vijiti tukiulizana mkono gani, tukicheka.

Siku yenyewe soko liliangukia Ijumaa. Dereva alileta redio yake kubwa ya kanda, yenye spika mbili kama macho ya ng'ombe. Fundi alikuwa ameimaliza siku iliyotangulia. Dereva akashusha pia betri ya pikapu, akaitua mlangoni.

"Naenda kupakia," akasema. "Nikirudi niikute inaimba kwa betri yangu hii. Sitaki hadithi za ilikuwa inaimba jana."

"Itaimba," fundi akasema.

"Isipoimba unajua mimi si mtu wa kuandika barua."

Wenzake waliokuwa nyuma walicheka. Walipoondoka, fundi alinawa miguu kwa kikopo, kwa sababu saa ya swala ilikuwa imefika na Waislamu wa soko waliswali nyuma ya duka la ngozi. Akanielekezea kidole. "Usiguse kitu mpaka nirudi."

Nilingoja. Mama wa chai alikuwa anakaanga mandazi, na mpakiaji mmoja aliyekuwa anakunywa chai pale akaanza kunichokoza. Akaniuliza kama mimi ni fundi au ni kifagio cha fundi. Akasema miaka miwili nimekaa pale na bado sijui kuwasha hata tochi. Watu wakacheka. Unakijua kile kicheko cha sokoni, kinachotoka kwenye vibanda vitano kwa pamoja. Nilikuwa nimechekwa nyumbani, nimechekwa darasani, na pale kibandani ndipo mahali pangu.

Niliiangalia betri. Nguzo moja ilikuwa na fundo la mgomba. Mita ilikuwa imening'inia pale pale kwenye msumari wake, ningenyoosha mkono tu. Lakini mtu anayejua hapimi, ndivyo nilivyowaza, mtu anayejua anaona. Niliunga waya mwekundu kwenye fundo, mweusi kule kwingine, nikabonyeza.

Kulikuwa na mlio mdogo kama kuni mbichi ikipasuka. Kisha moshi. Kisha ile harufu.

Nilichomoa waya, lakini moshi ulikuwa umeshatoka kwenye spika zote mbili. Mpakiaji aliweka kikombe chini akaondoka bila kumaliza chai yake, na hapo ndipo nilipojua nimekufa. Niliinama nikaliangalia lile fundo vizuri. Halikuwa la fundi. Lilikuwa limezungushwa mara tatu kwa fujo. Asubuhi hiyo mtu alikuwa amebana waya uliolegea wa pikapu kwa kamba iliyokuwa karibu, na kamba iliyo karibu Mikinduri ni ya mgomba. Aliubana kwenye hasi.

Fundi alirudi kwanza. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akajua. Aliniangalia, akaliangalia fundo, akaiangalia mita kwenye msumari. Sikuwahi kutamani kofi kama siku ile. Hakunipiga. Nyuma yake dereva alikuwa anakuja na watu watatu, spana ameshaishika, kwa sababu habari za moshi zilikuwa zimemfikia.

"Nani ameunga?"

Mandazi ya mama wa chai yaliungua kwenye mafuta, wala hakuyageuza. Mimi nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini, na nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza. Fundi alisogea hatua moja mbele yangu.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa na haraka ya swala."

"Wewe?"

"Mimi."

Dereva aliniangalia juu ya bega la fundi. Alijua. Nina hakika alijua. Lakini mtu mzima aliyekubali kosa mbele ya soko alikuwa na utamu zaidi kwake kuliko mtoto mwenye kamasi.

"Mkono gani?"

Fundi aliinua wa kulia. Wale watatu walimshika, ingawa hakuwa anapigana, wakaulaza mkono juu ya meza ya kazi, kati ya skrubu. Dereva alipiga mara mbili. Mlio wa kwanza ulikuwa wa muwa kuvunjwa kwa goti. Wa pili sitausema. Fundi hakulia, alitoa tu pumzi ndefu iliyopasuka katikati, na kofia yake ikaanguka. Mtu mmoja kwenye umati akasema, "Mfunze." Kulikuwa na umati tayari, soko halikosi. Mwingine akasema mafundi wote ni wezi, na jiwe likagonga bati juu yetu.

Dereva alipangusa spana kwenye suruali. "Tunamaliza kupakia sasa hivi," akasema. "Gari likijaa na redio haijaimba, petroli ninayo, na hiki kibanda ni kikavu." Akaenda.

Mama wa chai ndiye aliyeingia. Alivunja kijiti cha kuni mara mbili, akafunga mkono wa fundi kwa kamba ya mgomba na kipande cha leso yake. Mkono ulikuwa umevimba kama mhogo na umeelekea mahali pasipofaa. Fundi alikaa chini akiegemea bati, uso umekuwa rangi ya majivu, akaniambia, "Leta redio. Fungua."

"Siwezi."

Alinizaba kofi la mkono wa kushoto. Lilikuwa kofi dhaifu, la mkono usiojua kazi, na ndilo lililonitoa machozi. "Sema bismillahi, ufungue."

Mimi ni Mkristo. Nilisema, nikafungua. Yeye alisema, mimi nikafanya. Fuata waya mwekundu unapoingia. Umeona kidude cheusi chenye mstari mweupe, kinaitwa dayodi, kimepasuka? Hicho kimewekwa hapo kwa ajili ya mpumbavu kama wewe, kinaungua chenyewe ili redio isife. Kitoe. Sasa ile redio iliyokufa kule kwenye sanduku la vipuri, tafuta humo ndugu yake. Usipulize, utatia mate. Chuma kiwe chekundu kiasi cha kaa linalozimika. Gusa. Ondoa. Nilishika upande wa moto mara moja, kovu lake ninalo hapa kwenye kidole gumba, na sikukiachia, kwa sababu nje nilisikia vibunda vikihesabiwa na sauti ya wapakiaji ikipanda, na kila sauti ikipanda ujue gari linajaa. Njia moja ya shaba kwenye bodi ilikuwa imeungua kabisa. Alinifanya niirudishe kwa unywele mmoja wa waya. Aliongea polepole kama mtu anayemwongoza kipofu kuvuka mto, na kila alipokohoa alifumba macho kwanza.

Nilipomaliza nilikamata waya niunge.

"Pima kwanza," akasema.

Nilisimama juu ya stuli yake, nikashusha ile mita. Mshale ulilala upande usiofaa. Nikageuza, ukasimama. Nikalikata lile fundo la uongo, nikafunga moja jipya mahali pake pa kweli, kisha nikaunga. Redio ikakohoa, ikaimba. Kanda iliyokuwa ndani ilikuwa ya kwaya ya kanisa, na dereva alipoisikia kutoka kwenye gari aliinua mkono kama mtu aliyeletewa chai kwa wakati. Alikuja akaichukua. Akiwa anatoka alipiga teke sanduku la skrubu, zikamwagika barabarani kwenye vumbi jekundu. Niliziokota mpaka jua likageuka. Fundi alihesabu kwa macho.

Mkono haukupona. Mtu wa mifupa wa kijijini aliuvuta mara mbili, ukakauka umepinda, vidole havikukutana tena. Kwa muda mimi nilikuwa mkono na yeye alikuwa akili. Nilijifunza ndani ya miezi hiyo kuliko miaka yote, kwa sababu alinimwagia yote aliyokuwa nayo, waya kwa waya, akinizaba kwa ule mkono dhaifu. Kisha wateja walianza kuniita mimi fundi akiwa amekaa pale pale. Alisikia. Baada ya mavuno alihamia Embu na mkewe, akaniachia mita. Hatukuwahi kuzungumza juu ya siku ile. Redio ya nyanya iliponyamaza tena niliirudisha nyumbani ikiimba, nikamwambia nimeitengeneza mwenyewe, akaniombea baraka. Baba alisikia na mpira wa kijani haukuniona tena, kwa sababu nilikuwa naleta unga. Na jina langu likaanza kwenda: yule kijana aliyejifundisha mwenyewe. Lilikuwa jina tamu. Nililivaa kama koti.

Dereva bado yuko hai. Miaka michache iliyopita aliingia hapa dukani akiwa na fimbo ya kutembelea, na redio ndogo ya mkononi. Hakunikumbuka. Aliniita mwanangu. Chuma kilikuwa mkononi mwangu kimekolea moto, mkono wake uko juu ya kaunta, wenye madoa ya uzee, na lile swali lilinijia mdomoni likakaa. Niliitengeneza redio yake. Nikaipima mbele yake. Akanishukuru, akaenda zake polepole, nami nikakirudisha chuma mahali pake.

Mke wa fundi nilimpata Embu, siku nilipokwenda kukagua kazi ya duka langu. Anaishi chumba kimoja huko huko Dallas. Fundi alikuwa ameshazikwa. Nilikuwa nimevaa saa na viatu vizuri, nikitaka aone kijana wao amefika. Alinipa chai ya tangawizi, akanionyesha kofia ile yenye matundu ya cheche. Nikamuuliza kama mzee aliwahi kusema mkono uliharibika vipi. "Aliunga waya vibaya siku moja, akaunguza redio ya mtu," akasema. "Alikuwa na haraka ya swala. Alijilaumu mpaka mwisho, maskini." Hata kwa mkewe, rafiki yangu. Nyumbani kwake, miaka yote hiyo. Nilikuwa na nafasi pale. Tulikuwa wawili tu na chai. Nilimwambia chai ni nzuri, nikaacha kitu kidogo mezani, nikatoka.

Nenda Mikinduri leo utafute kibanda, utakuta duka la simu lenye vioo. Miraa siku hizi wengi wanaifunga kwa nailoni. Betri zinakuja na vifuniko vya rangi, nyekundu na nyeusi, na hakuna mtoto anayejua fundo lilimaanisha nini. Redio ya nyanya imekwenda naye. Hata kile kicheko cha vibanda vitano sijakisikia tena, kila mtu ameinamia simu yake. Kitu kimoja tu kimebaki, na kimebaki kwangu. Kila programa ninayouza, hata ile ya bei ya chini kabisa, naipima mbele ya mteja, kisha nafunga fundo dogo la kamba ya mgomba kwenye waya, upande wa mguu wa kwanza. Nakata kamba mwenyewe kwenye migomba iliyo nyuma ya duka. Wanafunzi wanafikiri ni mapambo.

Leo yule msichana amerudi. Mashine ya mama yake inashika joto, na wenzake wawili wamemtuma awanunulie programa kama yake, ile ya kijikofia. Nilizipima moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye kufunga, aliinama karibu akaangalia vidole vyangu.

"Hii kamba, mzee," akasema. "Hata kwa video zote nilizoangalia sijaona mtu akifanya hivi. Na hii pia ulijifundisha mwenyewe?"

Nilikaza fundo. Nilivuta ile stuli nyingine, nikampangusia vumbi, nikamwambia akae.

"Kulikuwa na fundi kule Mikinduri," nikamwambia. "Mkono wake wa kulia niliuvunja mimi."